Maganda ya Mpunga wa Mwea

Ukitoka Nairobi kwa njia ya Thika na Makutano kwenda Embu, baada ya kilometa 100 hivi utafika nchi tambarare yenye maji mengi. Hiyo ndiyo Mwea, katika Kirinyaga. Asubuhi isiyo na mawingu utauona mlima Kenya upande wa kaskazini, nayo mito ya Thiba na Nyamindi ndiyo inayonywesha mashamba. Mifereji ya kwanza ilianza kuchimbwa mwaka 1954, wakati wa Hali ya Hatari, kwa jasho la watu waliowekwa kizuizini. Siku hizi Mwea hujulikana kwa mchele wake wa pishori, na wali ule hauna haja ya kusifiwa nami.

Lakini usiishie hotelini. Nenda nyuma ya mashine za kukobolea pale Wang'uru, ukaone vilima vya maganda. Gunia la mpunga la kilo 100 hutoa maganda kilo 20. Wengine huyaita kumvi, wengine pumba. Ng'ombe hayafurahii kwa jina lo lote. Mengine hutandikwa mabandani mwa kuku, mengine huchomea matofali, na mengine hutiwa moto bure, moshi ukawaingia watoto vifuani.

Sasa fikiri. Mpunga ulipokuwa ukikua ulivuta hewa ukaa, ile ambayo kuzidi kwake kunaitia dunia joto. Ganda likiungua wazi, hewa hiyo hurudi angani. Likipikwa limefunikwa, kama mchoma makaa afukiavyo tanuri lake kwa udongo, huwa makaa, na sehemu kubwa ya kaboni hubaki. Kilo 20 zile hutoa makaa kilo 7 hivi, yenye kaboni kama kilo 3. Angani ingalikuwa hewa ukaa kilo 11. Makaa hayo yakichanganywa na udongo, sehemu kubwa hukaa humo mamia ya miaka. Wapo watu Mwea wanaoyafanya mbolea.

Iko hatua ya pili. Makaa huoshwa kwa dawa kali kuondoa kile kitu cha jamii ya mchanga kilichomo katika ganda, kisha huchomwa tena pamoja na mvuke au potasi, joto likifika digrii 800 hivi. Hapo hutoboka vishimo visivyoonekana kwa jicho, vingi mno, hata gramu moja ina kuta za mita za mraba 1,000 na zaidi. Gramu 7 ni kiwanja kizima cha mpira! Moshi wa kiwanda ukipita humo, hewa ukaa hunasa kutani. Makaa yakipashwa moto huiachia ikahifadhiwa, nayo hutumika tena. Ila kazi hii ingali zaidi ya maabara: mvuke wa maji uliomo katika moshi hugombea vishimo vile vile, na dawa zina gharama.

Hatua ya kwanza, lakini, yataka pipa tu. Ukijaribu, pipa liwe nje, maana makaa yanayopikwa hutoa hewa isiyo na rangi wala harufu, iuayo upesi. Wala usiyaingize ndani kabla ya kuyazima kwa maji mengi. Maganda huficha moto muda mrefu.