Jirani aliyelala

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, msinilaumu. Nilikuwa napigana na tangi la maji la mama.

Tangi lenyewe liko kilimani, Machakos, hatua kama mia kutoka nyumbani. Likikauka, mama hajui mpaka afungue mfereji usikie unakohoa hewa. Miaka yake imepita sabini na sipendi apande kule kila asubuhi kuchungulia. Huko juu hakuna stima, na wai-fai inakula betri kama mchwa. Nikachagua redio za IEEE 802.15.4, kiwango kilichotolewa mwaka 2003 kwa vifaa vya betri ndogo. Kasi yake ni biti 250,000 kwa sekunde. Ni ya kuchekwa, lakini kipimo cha maji ni namba moja tu!

Nyumbani nikaweka kompyuta ndogo ya Linux. Linux inazifahamu redio hizi tangu toleo 2.6.31 la mwaka 2009, ila chipu niliyonunua haikuwa na draiva. Basi nikaiandika. Watu huogopa draiva bure. Ni kuiwasha chipu, kuichagulia chaneli, kupokea na kutuma. Mengine yanafanywa na tabaka la juu yake.

Kinachoumiza kichwa ni IPv6. Yenyewe inadai njia yoyote iweze kubeba pakiti ya baiti 1,280, na fremu ya redio hii haizidi 127. Ni kama kupitisha kabati kwenye dirisha la choo. Hali ikiwa mbaya kabisa, ukishatoa vichwa vya redio na vya usalama unabaki na 81. Toa 40 za kichwa cha IPv6 na 8 za UDP, data yako imeachiwa 33. Hapo ndipo inaingia 6LoWPAN (RFC 4944 ya 2007, kisha RFC 6282 ya 2011). Hiyo hubana vichwa, isitume kabisa kile ambacho upande wa pili unaweza kujijazia, na pakiti kubwa huikata vipande. Linux inayo hiyo pia.

Mezani kwangu kila kitu kilijibu. Nikapeleka kwa mama kwa mbwembwe. Nilitegemea betri zidumu mwaka.

Siku ya kumi na moja simu ikalia. "Mwanangu, hicho kidude chako kimenyamaza." Na kilimani alikuwa ameshapanda.

Niliilaumu draiva yangu wikendi mbili nzima. Kisha nikaandika amri ya ip neigh nikaona neno FAILED. Kumbe! Kifaa cha tangini huamka, hutuma kipimo, hutega sikio kidogo sana kungoja jibu, kisha hulala. Lakini Linux kabla ya kujibu huuliza kwanza: mwenye anwani hii ni nani, yuko wapi? Swali likifika, mwenyewe keshalala. Linux hurudia kila sekunde, mara tatu kwa jumla, halafu hukata tamaa. Kifaa nacho, kwa kukosa jibu, hudhani ujumbe umepotea, huamka na kutuma tena na tena. Betri zikaishia kwenye kelele hizo. Mezani sikuliona kwa sababu nilikuwa nimekizuia kisilale (uvivu wangu, nakiri).

Kuna RFC 6775 ya mwaka 2012 inayotaka kifaa kinacholala kijiandikishe chenyewe kwa ruta, kisitafutwe usingizini. Mimi nilifanya njia ya mkato: niliingiza anwani yake kwa mkono, ya kudumu, Linux isiulize tena.

Betri mpya zina miezi minne sasa. Draiva nimeituma kwa wasimamizi wa Linux, ikarudi na masahihisho matatu, mawili kati yake ni kwamba nimetumia nafasi badala ya tab. Nayarekebisha usiku huu.