Mashine ya Msasa na Kifua cha Mtoto

Akina mama wengi hulalamika kwamba waume zao wakistaafu hawana la kufanya nyumbani. Wangu, ambaye amenipita umri kwa miaka mingi, hana shida hiyo. Anaunda majahazi madogo ya mbao, urefu wa mkono mmoja, yenye mkuku, mataruma na mlingoti kama majahazi ya kweli. Alikuwa akipiga msasa kwa mkono. Vidole vilipoanza kumuuma, akasema anataka mashine ndogo ya msasa ya kuweka mezani. Sikupinga. Ila mtoto wetu wa mwisho ana pumu, na mimi ni muuguzi, nikasema tutakwenda dukani wote wawili.

Tulikuta aina mbili. Moja ina mkanda wa msasa unaozunguka, nyingine ina sahani bapa iliyobandikwa msasa. Baba watoto aliipenda ya mkanda kwa kuwa ina nguvu. Lakini nguvu ya nini, jamani? Ubao wa jahazi dogo una unene wa milimita 1 au 2, na mkanda mkali huumaliza kufumba na kufumbua. Kwa kazi hiyo sahani ya milimita 125 yatosha, na ni vizuri ikiwa na kitufe cha kupunguza mwendo, maana mwendo mkali huunguza mbao. Meza yake iwe imara, iweze kuinamishwa, na isiachane sana na sahani, kipande chembamba kisije kikazama katikati na kuvuta kidole. Mbao hushikwa upande ambao sahani inateremka kuelekea mezani. Upande wa pili huirusha juu, usoni kwako. Kwa ndani ya mataruma, palipopinda, sahani haifai kitu. Hapo bado atazungushia msasa kwenye kipande cha bomba na kutumia mkono.

Nililosimamia mimi ni tundu la kutolea vumbi. Mashine ya bei rahisi haikuwa nalo. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliweka vumbi la mbao katika orodha ya visababishi vya saratani kwa binadamu, kwani saratani ya pua ilionekana kwa mafundi walioshinda ndani ya vumbi hilo miaka mingi. Sidhani kwamba Jumamosi chache zitamfikisha baba watoto huko. Pumu ni habari nyingine, haingoji miaka. Na vumbi la mvule na la mtiki, mbao anazozipenda, huwasha ngozi na kukera kifua hata cha mtu mzima.

Tulibishana kidogo mbele ya muuza duka, jambo nisilolipenda. Mwishowe tulirudi na ya sahani, yenye tundu, pamoja na mashine ndogo ya kufyonza vumbi. Fedha za mapazia ya sebuleni ziliishia hapo.

Sasa kazi hufanyika kwenye kibanda cha uani, si barazani karibu na dirisha la watoto. Barakoa huvaliwa, pete huvuliwa, na glavu hazivaliwi, maana sahani inaweza kuzinasa. Nguo za kazi hubaki huko huko. Sakafu hufutwa kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu ufagio hulirudisha vumbi hewani. Mtoto huruhusiwa kuingia kesho yake, baada ya kufuta, akahesabu mataruma yaliyoongezeka.