Barua kutoka Leicester: Mara Mbili ya Nini?



Huku Uingereza barabara hupimwa kwa maili, petroli huuzwa kwa lita, na maziwa bado yana painti yake ya mililita 568. Watu huulizana gari linakwenda maili ngapi kwa galoni, ilhali hakuna kituo kinachouza galoni. Wamezoea. Linalonishughulisha mimi ni ujumbe wa mjomba wangu wa Kishapu, Shinyanga: anataka tangi la maji ya mvua lenye vipimo mara mbili ya lile la jirani, ili apate maji mara mbili.

Shikamoo mjomba. Tangi la mita moja kwa urefu, upana na kina hubeba lita 1,000, yaani ndoo 50 za lita 20. Ukifanya kila upande mita mbili, hupati lita 2,000. Unapata 8,000, na saruji ya kutosha kuzishikilia utainunua. Ukitaka maji mara mbili tu, zidisha urefu peke yake mara mbili.

Vijana wachimbaji wa dhahabu wa Nyarugusu, Geita, wanalijua hili mikononi. Duara, yaani shimo la kushukia mgodini, la mita moja kwa moja hutoa mita moja ya ujazo ya mwamba kwa kila mita ya kwenda chini. Likipanuliwa kuwa moja na nusu kwa moja na nusu, kina kilekile hutoa 2.25, na kila kiroba lazima kivutwe juu. Anayelipwa kwa mita za kina bila kuandikiana upana anapunjwa mchana kweupe, na inaniuma.

Mvua nayo hutangazwa kwa milimita, kipimo cha urefu. Hicho ni kina cha maji ambayo yangesimama juu ya ardhi kama yasingetiririka wala kunywewa na udongo. Milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja kamili. Paa linalofunika eneo la mita 10 kwa 6 likipata milimita 20, linateremsha lita 1,200, ukitoa zinazorukia nje ya mfereji.

Basi mjomba, usipande juu ya bati. Pima chini, wima kabisa chini ya kingo za paa, kwa sababu mteremko wa bati hauongezi mvua. Nitumie urefu na upana huo, tupige hesabu ya tangi kabla fundi hajachimba msingi.