Thaa Iliyogeuka Faa

Takriban kila kisanduku cha spika za masikioni za bei nafuu zinazouzwa mjini Mombasa hujisifia jambo moja: besi. Muuzaji naye humjaribishia mteja kwa wimbo wenye ngoma, kichwa kikavuma, fedha zikatoka. Sisi tulizihitaji kwa jambo jingine. Binti yetu yumo katika kuhifadhi juzuu ya thelathini, na usomaji anaoufuata ni wa marehemu Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri, ambaye murattal wake uliorekodiwa mwaka 1961 ungali mizani ya walimu wengi wa tajwidi. Mwalimu wake wa madrasa alitueleza kwamba katika sura alizozipokea kwa kusikiliza, mtoto huitamka thaa ikawa kama faa. Jambo hilo lilitustaajabisha, kwa kuwa thaa si sauti ngeni kwa mtoto wa Kiswahili. Amekulia katika thamani na thelathini. Tukaanza kuishuku spika, si ulimi.

Tukakusanya jozi nne: mbili za waya, za shilingi 200 na 450, na mbili zisizo na waya, za shilingi 1,200 na 1,800. Tulizisikiliza baada ya Isha, feni ikiwa imezimwa, kwa simu moja na rekodi moja. Kiwango cha sauti tulikisawazisha kwa kila jozi, maana sikio ni jepesi kuhadaika: kilicho juu kidogo hulionekea kuwa ndicho bora. Kipimo chetu kilikuwa Surat al-Kawthar. Ni aya tatu tu, lakini ya kwanza humalizikia kwa neno lenye thaa, ya pili ina haa ya kooni katika neno lake la mwisho, na ya tatu ina shini mwanzoni. Zote ni miongoni mwa herufi kumi za hams, ambazo pumzi hupita pamoja nazo. Pumzi hiyo ndiyo spika duni huimeza kwanza.

Sikio la kijana husikia tangu hetzi 20 hadi karibu 20,000. Mvumo wa ngoma hukaa chini kabisa. Mchakacho wa sini hukaa juu, kupita hetzi 4,000. Thaa na faa ni dhaifu zaidi, na kinachozitenganisha ni kidogo mno. Spika iliyoundwa kuivimbisha sauti ya chini huyafunika hayo ya juu.

Jozi ya shilingi 1,800, ghali kuliko zote, ndiyo iliyoshindwa. Ghunna ya neno la kwanza ilivuma kama nyuki ndani ya mtungi, na ilipofika thaa, hata sisi watu wazima tulisikia faa. Ya 1,200 ilikuwa ya wastani, ila vipira vyake vilikuwa vikubwa kwa sikio la mtoto hadi tulipovibadilisha kwa vile vidogo vilivyomo kisandukuni. Kipira kisichoziba vizuri huivujisha sauti ya chini na kuuruhusu mngurumo wa tuktuk kuingia. Ya 450 ilikuwa nyembamba, mpenzi wa ngoma angeitupa. Lakini kila herufi ilisimama mahali pake, na hata mchakacho wa rekodi yenyewe ya zamani ukasikika. Ya 200 ilikuwa kali, sini ikichoma kama sindano.

Lililotutia hofu zaidi ni kwamba binti alikuwa akipandisha sauti karibu na mwisho ili azipate herufi zilizofunikwa. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima asizidi desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na mtoto desibeli 75 kwa muda huo huo. Kila zinapoongezeka desibeli 3, muda hukatika nusu: kwa mtu mzima, kwenye 83 ni saa 20, kwenye 86 ni saa 10. Vinyweleo vya sikio la ndani vikishakufa havioti tena. Mtoto anayehifadhi husikiliza kila siku, aya moja mara ishirini, thelathini.

Mwalimu, kwa upande wake, hakuzijali sana hesabu zetu. Kwake Qur'ani hupokewa mdomoni mwa mwalimu, na rekodi ni ya kurudia tu. Hatukubishana naye.

Binti amepewa ile ya 450, na sauti ya simu tumeiwekea mpaka kwenye mipangilio. Nyanya yake, aliyezijaribu zote kwa subira, ameichagua ile kali ya shilingi 200: umri huanza kuzila sauti za juu, na ukali uliotuumiza sisi kwake ulikuwa kiasi. Ya 1,800 ameichukua kaka yao, anasikilizia matangazo ya mpira, na anaisifu sana.