Naomi alilalamika, na Mungu hakumwacha

Mwaka ambao mihogo imeshambuliwa na batobato, kusoma Biblia na watoto jioni si kazi rahisi. Mtoto wa Murungu, wilayani Kibondo, anaweza kuuliza: "Baba, kama Mungu anatawala yote, mbona shamba letu limeharibika?" Mzazi hutamani kumnyamazisha.

Kitabu cha Ruthu kina sura 4 tu, jioni nne zinatosha. Naomi alihama Bethlehemu kwa sababu ya njaa, akazika mume na wana wawili ugenini Moabu. Watoto wa Kibondo huelewa upesi, maana wilaya yao imewahi kupokea wakimbizi katika kambi ya Nduta. Aliporudi alisema wazi kuwa Mungu amemtia uchungu. Hakuna aliyemkemea. Msaada ulikuja polepole: mkwewe aliyekataa kumwacha, na masuke yaliyoachwa shambani makusudi. Mpaka mwisho Naomi haelezwi kwa nini alifiwa, lakini katika ukoo huo alizaliwa mfalme Daudi.

Basi mzazi asikimbilie jibu. Aseme, "Hata mimi sijui, mwanangu," kisha wasome sura inayofuata. Mtoto aliyezoea kumuuliza Mungu hatamkimbia siku ya shida.