Akiba ya Mshono

Bahasha ilifika Bugolobi, Kampala, mwaka 1984. Mama mdogo, aliyekuwa akiishi London, aliitia ndani ya barua ya salamu. Juu ya bahasha walichorwa wanawake watatu warefu wamevaa gauni la mtindo mmoja lenye mikono ya namna tatu, na jina la kampuni, Simplicity. Mama, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kampala, aliikunjua karatasi ya ndani kwenye meza yetu ya kulia chakula pale maghorofani. Ilikuwa laini kama ganda la kitunguu, imejaa mistari, mishale na namba. Nilikuwa na umri wa miaka 10, na ile ndiyo patani ya kwanza kuiona maishani.

Mama hakuitia mkasi. Aliinakili kwanza kwenye karatasi ya kaki, maana ile laini ikichanika hakuna ya pili. Kisha akachukua utepe. Bahasha ilisema saizi 12 ni kifua inchi 34, kiuno 26 na nusu, nyonga 36. Kifua cha Mama kililingana sawasawa, ila nyonga zake zilikuwa inchi 41.

"Hizo inchi 5 zilizozidi zigawe kwa 4," aliniambia. "Mbavu mbili za mbele, mbili za nyuma."

Nikapata inchi 1 na robo, na yeye akaichora kwa penseli kando ya mstari wa waliochora patani. Tangu hapo sikuiona tena patani kama amri. Waliochora hawakumjua Mama. Kazi ya kumjua ilibaki kwetu.

Lakini somo kubwa lilikuwa jingine. Maelezo yalitaka sentimita 1.5 ya kushonea pande zote. Mama aliifuata shingoni na mabegani, ila ubavuni akaacha inchi nzima na nusu, na kwenye pindo upana wa kiganja. "Hii ni akiba," alisema. Nami nilishangaa, kwani kitambaa kilikuwa cha taabu. Waasia, ambao ndio waliokuwa na maduka mengi ya nguo mjini, walifukuzwa mwaka 1972 wakipewa siku 90 za kuondoka, na miaka ya vurugu iliyofuata ilivilemaza viwanda. Hesabu ya Mama ilikuwa kwamba kitambaa kikiwa adimu, gauni moja litavaliwa miaka mingi, na mvaaji hatabaki vile alivyo.

Kila shule zilipokaribia kufunguliwa aliyafumua magauni yangu ubavuni. Kitambaa kilichokuwa kimejificha kilitoka na rangi yake mbichi, ukanda mwembamba unaong'aa kando ya ule uliopaushwa na jua. Niliutembeza ukanda ule kwa fahari. Ulionyesha nimekua, na kwamba kuna aliyejua mapema kuwa nitakua.

Miaka ya 90 mivumba, yaani mitumba, ilijaa soko la Owino. Gauni zima lilipatikana kwa bei isiyofikia mita moja ya poplini, na Mama naye alinunua. Aliyekuwa na watoto wa kuvisha hangefanya vinginevyo. Cherehani ya miguu ikafunikwa kitambaa, juu yake ikawekwa redio. Siku moja niligeuza gauni la mtumba nikatazama ndani. Mashine ya ovaloki ilikuwa imekula kitambaa hadi kikabaki kama upana wa ukucha. Likikubana, huna pa kulipeleka ila kumpa mwingine. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa kikitutoka: ile nguo inayomsubiri mwenyewe.

Leo bado nakaa Bugolobi. Patani nainunua kwa simu, naichapisha mjini Barabara ya Nasser, karatasi thelathini na zaidi za A4. Kabla ya kulipa napima kwa rula ule mraba mdogo wa majaribio, maana mashine ikipunguza kidogo tu, gauni zima limeharibika. Usiku naziunganisha kwa gundi sakafuni, kitambaa kutoka maduka ya Kiyembe kikisubiri kwenye kiti. Nazipenda zaidi patani za jarida la Burda, ambazo hazina nafasi ya mshono, unaiongeza mwenyewe. Kila mara hulazimika kujiuliza: mvaaji huyu nimwachie kiasi gani?

Mwaka jana Mama, ambaye sasa amepungua mwili, aliniletea gauni lake la kitenge nilibane. Nikashona mshono mpya ndani ya ule wa zamani. Ubavuni pakazidi kitambaa cha inchi mbili na zaidi, kizito, kimejikunja. Nikashika mkasi. Mama akaweka mkono wake juu ya kitambaa.

"Usikate, mwanangu. Atakayelivaa baada yangu huenda ni mnene."

Nikawasha pasi, nikailaza ile akiba upande mmoja, taratibu, mpaka ikatulia.