Niachie Mkono! Nilivyojifunza Kujihami Cedar-Riverside



Naomba nianze kwa kukiri kwamba mimi si mtu wa ngumi. Nyumbani Tanga, watoto wenzangu wakianza kupigana mimi nilikuwa nabeba kandambili zangu mkononi na kutimua mbio. Kwa hiyo mkisikia kwamba majira yote ya baridi, kila Jumamosi, nimekuwa nikijifunza kukunja mikono ya watu, msicheke sana. Ipo sababu.

Kulikuwa na shughuli ya watu wa nyumbani. Pilau, muziki, watoto wanakimbizana, mnazijua shughuli zetu. Mzee mmoja, rika la baba yangu mdogo, akanipa mkono. "Shikamoo." "Marahaba mwanangu, hujambo?" Sasa kwetu mkono wa salamu hauna haraka. Watu wanashikana mpaka wamalize habari za bibi, shangazi na bei ya nauli, wala hakuna ubaya. Lakini huu ulipita kiasi. Tulikuwa koridoni, wenzetu wote wako ndani. Akaanza kunivuta taratibu kuelekea kwenye ngazi, huku anacheka: "Njoo tuongee kidogo." Na mimi nikacheka. Hicho ndicho kinachoniuma mpaka leo, kwamba nilicheka! Nikasema, "Hapana baba, nasubiriwa," kwa sauti ya mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akaniachia pale mtoto mmoja alipofungua mlango akitafuta choo.

Wengine watasema hakuna kilichotokea. Sawa. Lakini usiku ule sikulala.

Niliyemsimulia ni rafiki yangu mmoja, dada wa Kisomali aliyekulia Eastleigh, anayekaa Riverside Plaza. Kwa wageni wa mji huu: ukitoka upande wa mashariki wa chuo unavuka Mississippi kwa miguu juu ya daraja la Washington Avenue (Januari upepo wake hauna dini), mpaka uyaone yale maghorofa yenye vibao vya rangi rangi. Yalibuniwa na Ralph Rapson, yakafunguliwa mwaka 1973, na refu kuliko yote lina ghorofa 39. Watu wanapaita Mogadishu Ndogo, lakini ukipanda lifti utasikia Kisomali, Kioromo, Kiamhari, na Kiswahili cha waliopitia Nairobi na Dadaab. Huyu dada hakunipa pole nyingi. Alisema tu, "Jumamosi tunaenda mazoezi. Na usinichoreshe, msee."

Darasa ni la wanawake watupu, milango imefungwa. Nusu yetu tuna hijabu, na hilo lina historia yake mtaani hapa. Fatimah Hussein alianzisha kikundi cha G.I.R.L.S. ili wasichana wapate nafasi ya michezo, na mwaka 2015 wasichana wa Cedar-Riverside wenyewe, wakisaidiana na watu wa Chuo Kikuu cha Minnesota, walionyesha nguo za michezo walizozibuni, zenye stara na zisizowafunga miguu. Msidhani ni jambo dogo. Mkono unaoshikilia mtandio usidondoke hauwezi kufanya kazi nyingine.

Mwalimu alianza na jambo rahisi. Kila kiungo kina mpaka wake. Kiwiko kinakunjika upande mmoja tu. Kifundo cha mkono kinazunguka kidogo halafu kinakwama. Ukikifikisha kiungo mwisho wa mpaka, mwenye nacho ataufuata mkono wake popote unapoupeleka, hata kama ana kilo mia.

Lakini somo la kwanza halikuwa kufunga kiungo. Lilikuwa kuchomoka. Mtu akikushika, vidole vinne viko upande mmoja, dole gumba liko peke yake upande wa pili. Pale vinapokutana ndipo penye mlango. Geuza mkono wako ubavu wake mwembamba uelekee pale, peleka kiwiko chako kwake, halafu toka kwa nguvu ya kiuno. Tulirudia mpaka mikono ikawa myekundu.

Ndipo tukaja kwenye kufunga. Amekushika mkono wa kulia kwa mkono wake wa kulia: bandika kiganja chako cha kushoto juu ya mkono wake usitoke. Ndiyo, sasa wewe ndiye unayemzuia! Zungusha mkono wako wa kulia kwa nje upande juu ya kifundo chake, kisha ushushe kuelekea tumboni kwake. Kiwiko chake kinakunjika, kifundo kinabanwa, magoti yanatafuta sakafu. Kwenye aikido wanauita nikyo. Upole unahitajika hapa. Hata judo, iliyoanzishwa na Jigoro Kano mwaka 1882, mashindanoni inaruhusu kufunga kiwiko peke yake. Kwa hiyo mwenzako akigonga mara mbili kwa kiganja, unaachia hapo hapo, huulizi swali.

Mimi tatizo langu halikuwa mkono. Kila nikimfunga mwenzangu nilikuwa nasema, "Samahani! Pole! Nimekuumiza?" Yule dada wa Eastleigh akachoka: "Sasa wewe, mbona unaniomba msamaha na ni mimi nimekushika?" Darasa zima likacheka. Mwalimu alipotafsiriwa hakucheka. Akanipa zoezi la peke yangu: kila nikishikwa niseme "Niachie!" kwa sauti, kabla ya kufanya kitu kingine chochote. Nilichukua wiki tatu kulisema bila kutabasamu.

Baadaye nikakumbuka wale bibi wa Korogocho, Nairobi, wa kundi la Cucu Jikinge, walioanza kujifunza kujihami mwaka 2007 kwa sababu ya wabakaji. Katika mazoezi yao wanapiga ngumi huku wanapaza sauti kukataa. Kama kikongwe anaweza, mimi mwenye miaka ishirini na kitu nashindwa nini?

Niwaambie na ukweli wa upande wa pili. Kufunga kiungo kuna mipaka. Ukiwa na hofu vidole vinakufa ganzi, hatua tano unazikumbuka mbili. Mtu mwenye nguvu akiisha kukaza mkono, umechelewa. Mwenye kisu, kimbia. Na sheria ya Minnesota, ukiwa nje ya nyumbani kwako, inakutaka uondoke kwanza kama unaweza kuondoka salama. Mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya jimbo iliamua kwamba hata kumtolea mtu silaha ya kuua ili kumtisha tu, ilhali ungeweza kuondoka salama, hakuhesabiki kuwa ni kujihami. Kesi yenyewe ilitokana na ugomvi kwenye kituo cha treni hapa hapa Minneapolis. Tulio na viza ya masomo tulielewe hilo vizuri.

Mwezi uliopita nilikutana tena na yule mzee, shughuli nyingine, pilau ile ile. "Shikamoo." Akashika mkono, akaubana. Nilihesabu moyoni mpaka tatu. Kisha nikasema, bila kucheka, "Niachie mkono, baba." Sebule ikanyamaza. Nikageuza mkono kuelekea kwenye dole gumba, nikatoka. Sikumfunga kiungo chochote. Hata jasho sikutoka, ingawa magoti yalikuwa yanagongana.

Shangazi mmoja alinifuata jikoni akaniambia nimemvunjia mzee heshima mbele za watu. Nilimsikiliza, nikamjibu, "Nimekuelewa shangazi," nikaendelea kuosha sahani. Sijui kama nilipaswa kumweleza zaidi. Bado nalifikiria.

Lakini kabla sijavaa koti kuondoka, binti mmoja wa mwaka wa kwanza alinifuata mlangoni. Hakusema kwa nini. Aliuliza tu mazoezi ni siku gani.

Ni Jumamosi, saa nne asubuhi. Anayetaka aniulize baada ya mkutano wa jumuiya, nitampeleka mwenyewe. Kateni kucha, vueni bangili na pete, na mje na soksi safi. Kila la kheri kwenye mitihani!